Kazi za kila siku za ng'ombe wa maziwa Nairobi: ipi itangulie, ipi isubiri

Anayefuga ng'ombe wawili au watatu pembezoni mwa Nairobi, iwe ni Waithaka, Ruai, Mwiki au Kasarani, huwa na kazi nyingi kuliko saa. Watu wazima wa nyumba wanatakiwa kuwa stejini kabla jua halijachomoza vizuri, watoto wanajiandaa kwenda shule, na mara nyingi mfanyakazi mmoja ndiye anayebaki na banda zima. Ukijaribu kufanya kila kitu kila siku kwa uzito ule ule, utachoka na bado ng'ombe watadhoofika.

Kwa hiyo panga kazi kwa swali moja: hii ikichelewa, nini kitaharibika, na baada ya muda gani? Ng'ombe aliyejaa gesi anaweza kufa ndani ya saa chache. Kiwele kisichokamuliwa kinaanza kuumia siku hiyo hiyo. Joto, yaani siku ng'ombe anapotaka fahali, likipita bila kuhudumiwa linarudi baada ya wiki tatu. Kupe wakiachwa wiki mbili wanaweza kukuletea ndigana kali. Mlango uliolegea bawaba unangoja Jumamosi. Wengi huanza siku kwa kufagia banda kwa sababu uchafu ndio unaoonekana, huku karai la maji likiwa tupu tangu usiku. Maji kwanza, ufagio baadaye.

Dakika tano za kuangalia kabla ya kugusa chochote

Ingia bandani na tochi, usimame kimya. Angalia nani amelala na anacheua, nani amejitenga, nani hakumaliza chakula cha usiku. Ng'ombe mzima aliyelala akipumzika anatakiwa kuwa anacheua. Kama wote wamelala na hakuna anayecheua, kuna kitu hakiko sawa kwenye chakula. Tazama mavi: yawe kama uji mzito unaotulia kwa duara. Yakiwa majimaji, umezidisha unga au majani machanga. Yakiwa mabonge makavu, maji hayatoshi.

Weka kipimajoto bandani. Joto la kawaida la ng'ombe mzima ni kati ya nyuzi 38 na 39.3. Likipita 39.5 asubuhi ya baridi, mpigie daktari wa mifugo kabla ya kuondoka nyumbani. Kungoja jioni ni kupoteza siku nzima ya tiba.

Kukamua

Chagua saa usizohangaika kuzishika, tuseme saa kumi na moja alfajiri na saa kumi na moja jioni. Kilicho muhimu ni kwamba hazibadiliki. Ng'ombe anayekamuliwa saa kumi leo na saa moja kesho hupunguza maziwa, na mfugaji hulaumu unga.

1. Anza na walio wazima na wachanga, umalizie na yeyote mwenye ugonjwa wa kiwele. Ukigeuza mpangilio huu, mikono yako ndiyo inayosambaza ugonjwa.
2. Osha mikono kwa sabuni. Osha chuchu kwa maji ya uvuguvugu, kisha zikaushe kabisa kwa kitambaa chake mwenyewe. Kitambaa kimoja kwa ng'ombe wote ni njia ya hakika ya kuwaambukiza wote. Maji yanayobaki kwenye kiwele hutiririka hadi kwenye ndoo yakiwa na uchafu.
3. Kamua mikamuo miwili au mitatu ya kwanza ya kila chuchu kwenye kikombe chenye kitambaa cheusi juu. Ukiona madonge, majimaji au damu, maziwa ya ng'ombe huyo yasiingie kwenye mkebe.
4. Anza kukamua ndani ya dakika moja hivi baada ya kuosha, umalize ndani ya dakika saba. Kuosha ndiko kunakoamsha homoni inayoshusha maziwa, na nguvu yake hudumu dakika chache tu. Ukienda kupokea simu katikati, maziwa ya mwisho, ambayo ndiyo yenye mafuta mengi, yatabaki kiweleni.
5. Kamua kwa kubana chuchu kwa kiganja. Kuvuta kwa vidole viwili kunaumiza tishu za ndani. Mafuta ya kukamulia yapakwe baada ya kukamua, si kabla.
6. Chovya kila chuchu kwenye dawa ya kuua vijidudu, kisha mwekee ng'ombe majani mapya kihorini. Tundu la chuchu hukaa wazi karibu nusu saa baada ya kukamua. Akilala kwenye mavi wakati huo, vijidudu vinaingia bila kizuizi. Majani humfanya abaki amesimama.

Kila baada ya wiki mbili, fanya kipimo cha CMT, kinachoonyesha ugonjwa wa kiwele uliojificha. Weka maziwa kidogo ya kila chuchu kwenye kisahani chake, ongeza dawa ya kipimo kwa kiasi kile kile, zungusha kwa sekunde kumi. Yakiwa mazito kama ute wa yai, chuchu hiyo imeshaambukizwa hata kama maziwa yanaonekana safi. Ukipewa dawa ya kuingiza ndani ya chuchu au sindano ya antibayotiki, soma lebo ujue siku ambazo maziwa hayauzwi wala kunywewa, kisha mfunge ng'ombe huyo kamba ya rangi mguuni ili atakayekamua jioni asisahau.

Vyombo viwe vya alumini au chuma kisichoshika kutu. Mitungi ya plastiki ina mikwaruzo ambayo brashi haifiki. Suuza kwanza kwa maji ya baridi au vuguvugu, kwa sababu maji ya moto yakitangulia yanagandisha protini ya maziwa kwenye kuta za chombo. Kisha osha kwa maji ya moto na sabuni, suuza tena, na anika kifudifudi juu ya kichanja juani. Maziwa yachujwe na yamfikie mnunuzi ndani ya saa mbili, la sivyo mkebe ukae kwenye maji baridi.

Maji na chakula

Ng'ombe wa maziwa hunywa lita 60 hadi 100 kwa siku, na kila lita ya maziwa inahitaji lita nne au tano za maji. Hapo ndipo wafugaji wengi wa Nairobi wanapokwama, kwa kuwa mfereji hutoka kwa ratiba. Piga hesabu ya siku tatu bila maji: ng'ombe watatu wanahitaji karibu lita 900 za kunywa tu, mbali na za kuosha. Tangi la lita 1,000 ndilo la chini kabisa. Boza la maji liitwe tangi likiwa nusu, kwa sababu mtaa mzima ukikaukiwa utasubiri foleni.

Majani yana hesabu yake. Ng'ombe wa kilo 450 anakula karibu kilo 70 za napia mbichi kwa siku. Pima mara moja kwa mizani ili ujue mzigo mmoja wa mkokoteni unamtosha kwa muda gani. Macho hudanganya, hasa majani yakiwa yamelowa. Napia ivunwe ikiwa na urefu wa karibu mita moja. Ikipita hapo, inakuwa miti, na ng'ombe atajaza tumbo bila kupata nguvu. Ikatekate vipande vya inchi moja hadi mbili. Vipande virefu huchambuliwa na kutupwa chini, vifupi mno vinapunguza kucheua. Napia changa ya msimu wa mvua iache inyauke nusu siku kabla ya kulisha.

Gawa chakula: sehemu baada ya kukamua asubuhi, sehemu mchana, na sehemu kubwa jioni, kwa sababu ng'ombe hula usiku pia. Alfajiri kihori kiwe na mabaki kidogo. Kihori kilichorambwa kikang'aa kinakuambia alikaa na njaa.

Unga wa ng'ombe wa maziwa unaouzwa kwa gunia ndio unaokula pesa nyingi, kwa hiyo utolewe kwa hesabu. Majani mazuri yanaweza kubeba lita saba au nane za kwanza. Juu ya hapo, toa kilo moja kwa kila lita mbili. Anayetoa lita 16 apate kilo nne, mbili kila anapokamuliwa. Usimpe zaidi ya kilo tatu kwa mlo mmoja. Tumbo linachachuka na kwato huumia. Chumvi ya madini iwe gramu 100 hadi 150 kwa siku. Chakula chochote kipya kianzishwe polepole kwa siku saba hadi kumi.

Wakazi wa Nairobi wana neema ya vyakula vya ziada: machicha ya bia kutoka Ruaraka, mabaki ya mboga kutoka Marikiti na Kangemi, majani ya kando ya barabara. Kila kimoja kina hatari yake. Machicha huharibika haraka, kwa hiyo nunua ya siku mbili au tatu tu na uyafunike. Kabichi na majani mabichi ya maharagwe huleta gesi. Yalishwe baada ya nyasi kavu, kamwe si kwa tumbo tupu, na yasiwe zaidi ya robo ya chakula cha siku. Majani ya barabarani na ya sokoni yamwage kwenye sakafu safi uyachambue kwa mkono. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, lakini vipande vyake, kamba za marobota na waya bado vimo. Plastiki huziba tumbo, waya hutoboa hadi karibu na moyo. Mwulize daktari kuhusu sumaku anayomezeshwa ng'ombe ili ishike waya. Ni kinga rahisi sana kwa mifugo ya mjini. Mahindi na unga wenye ukungu tupa, usijaribu kuuchanganya: sumukuvu inapita hadi kwenye maziwa na watoto wako ndio wanaoyanywa.

Banda

Ondoa mavi mara mbili kwa siku. Kijumba cha kulala kiwe na upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 2.1 hivi, kikauke na kiwe laini. Kipime kwa kupiga magoti mahali anapolala kwa sekunde kumi: yakilowa au yakiuma, ng'ombe hatalala saa 12 anazohitaji, na maziwa yatapungua. Mavi yaingie shimoni au kwenye mtambo wa bayogesi, yasitiririke kwa jirani. Nairobi ina sheria ya kaunti ya kilimo cha mjini ya mwaka 2015 inayoruhusu ufugaji kwa masharti, na malalamiko ya harufu na nzi ndiyo yanayowaletea wengi maafisa mlangoni.

Joto halingoji mshahara

Joto hurudi kila baada ya siku 18 hadi 24, kwa kawaida 21, na hudumu nusu siku hadi saa 18. Angalia mara tatu kwa dakika 20: alfajiri, mchana, na saa tatu au nne usiku. Ile ya usiku ndiyo inayorukwa na ndiyo yenye faida, kwa sababu ng'ombe wengi hupandana usiku. Dalili ya hakika ni kusimama tuli akipandwa na mwenzake. Nyingine ni ute usio na rangi unaong'aa, kulialia, na maziwa kupungua ghafla. Ng'ombe aliye peke yake bandani hana wa kumpanda, kwa hiyo tegemea ute na tarehe za daftari.

Ukimwona asubuhi, ahudumiwe jioni. Ukimwona jioni, ahudumiwe asubuhi inayofuata. Mpigie mhamilishaji, yaani mtaalamu wa kupandisha kwa mbegu, mara tu unapoona, usingoje jioni yenyewe. Mbegu nyingi za hapa nchini hutoka kituo cha serikali cha mbegu za mifugo, KAGRC, kule Kabete, kilichoanza mwaka 1946. Andika jina na namba ya fahali aliyetumika, la sivyo miaka mitatu baadaye utamhudumia binti kwa baba yake. Mtamba wa mara ya kwanza aombewe fahali wa ndama wadogo.

Mimba ni siku 283 hivi. Ukitaka ndama kila mwaka, zinabaki siku 82 tu baada ya kuzaa. Mruhusu apumzike 60, kisha kila joto unalokosa ni wiki tatu za kulisha bila kusogea. Siku 60 kabla ya kuzaa, mkaushe, yaani acha kumkamua: ondoa unga, mpe nyasi kavu, ingiza dawa ya ukavu ndani ya chuchu zote nne. Wiki tatu za mwisho mrudishie unga kidogo kidogo.

Yanayovunja ratiba

Haya yakitokea, acha kila kitu kingine, hata kukamua.

*Kujaa gesi.* Ubavu wa kushoto umevimba kama ngoma, ng'ombe anahema na kupiga teke tumbo. Msimamishe miguu ya mbele ikiwa juu zaidi, mtembeze, mpe mililita 300 hadi 500 za mafuta ya kupikia polepole kwa chupa, kichwa kisiinuliwe sana ili yasiingie mapafuni. Daktari awe njiani tayari. Kutoboa tumbo ni kazi yake.

*Kuzaa kunakokwama.* Miguu miwili ya mbele na pua ndio mkao sahihi. Chupa ikipasuka na saa mbili zikapita anasukuma kwa nguvu bila maendeleo, au ukaona mguu mmoja, mkia, au nyayo zinazotazama juu, usivute. Ita daktari. Kondo la nyuma likibaki zaidi ya saa 12, mwambie pia, wala usilifunge jiwe ili livutike. Linachanika na kubaki ndani.

*Kuanguka baada ya kuzaa.* Ndani ya siku tatu, ng'ombe wa maziwa mengi anaweza kuyumba, masikio kuwa baridi, shingo ikajikunja ubavuni. Ni upungufu wa kalisi. Mkalishe kifua kikiwa chini, mwegemeze kwa marobota ya nyasi, usimnyweshe chochote. Sindano ya kalisi mshipani ikitolewa polepole na daktari, husimama mara nyingi siku hiyo hiyo. Kinga ni kutompa chumvi yenye kalisi nyingi wakati wa ukavu.

*Kifo cha ghafla chenye damu puani au nyuma.* Usichune, usikate, usimgawie yeyote nyama. Inaweza kuwa kimeta, kinachoua watu. Funika mzoga, zuia mbwa, toa taarifa kwa afisa wa mifugo.

Ndama

Siku ya kuzaa, kazi ya kwanza baada ya mama kuwa salama ni dang'a, maziwa ya kwanza ya mama. Ndama wa kilo 40 apate lita nne, nusu au zaidi ndani ya saa ya kwanza, kwa sababu baada ya saa chache utumbo wake unafunga mlango wa kinga hiyo. Chovya kitovu kwenye ayodini. Baadaye apewe lita mbili asubuhi na mbili jioni, yakiwa na joto la mwili, kwa ndoo yake iliyooshwa. Maji safi na chakula cha ndama vianze wiki ya pili, na aachishwe akiwa na miezi mitatu akila vizuri.

Akiharisha, usimkatie maziwa. Mpe maji ya kurudisha chumvi ya ndama kutoka agroveti, lita mbili kati ya milo, mara mbili au tatu kwa siku. Usitumie sukari ya chai, kwa kuwa ndama haimeng'enyi na kuhara kutazidi. Macho yakiingia ndani, ni suala la saa.

Kupe, chanjo na minyoo

Ogesha kila wiki siku ile ile. Ng'ombe mzima anahitaji karibu lita tano za dawa iliyochanganywa kama lebo inavyosema. Kupunguza dawa ili kuokoa pesa ndiko kunakozalisha kupe wasiokufa. Mpe maji ya kunywa kwanza, mpulizie kinyume cha manyoya wakati wa ubaridi, ufike ndani ya masikio, chini ya mkia na kwenye kinena. Kupe wa masikio ndiye anayeleta ndigana kali: tezi chini ya sikio huvimba, homa hupita nyuzi 40, kisha kikohozi. Tezi zikivimba leo, dawa itolewe leo. Usibadilishe dawa kila wiki. Kaa na kundi moja mpaka daktari akushauri kwenda lingine.

Ugonjwa wa midomo na miguu huchanjwa kila miezi sita; kimeta, chambavu na ugonjwa wa mapele ngozi kila mwaka. Dawa ya minyoo kila miezi mitatu.

Misimu inavyogeuza mpangilio

Mvua ndefu, Machi hadi Mei, majani ni mengi na matope ni mengi: kwato na kiwele vinapanda juu ya orodha, na hapo ndipo pa kutengeneza saileji, majani yanayohifadhiwa mabichi bila hewa, hata kama umechoka. Juni hadi Agosti ni baridi ya Nairobi. Zuia upepo upande wa ndama, kwani nimonia huwaua haraka. Januari hadi mvua kuanza, majani hupanda bei na kupungua ubora kwa pamoja.

Hesabu ni rahisi: kilo 20 za saileji kwa ng'ombe kwa siku, kwa siku 90, ni kilo 1,800, pamoja na nyasi kavu. Mfuko mmoja mkubwa wa saileji hubeba karibu kilo 500, kwa hiyo mifuko minne kwa kila ng'ombe. Mahindi yakatwe punje zikitoa uji mzito ukizibonyeza, hayahitaji molasi. Napia inahitaji: kilo tatu hivi za molasi kwa kila kilo 100 za majani, zikichanganywa na maji mara mbili au tatu na kunyunyizwa kila tabaka. Kanyaga mpaka mguu usizame. Hewa inayobaki ndiyo inayoozesha. Funga vizuri, fungua baada ya wiki sita.

Nani anaamua

Daftari likae bandani: lita za kila ng'ombe kila mkamuo, tarehe za joto, kuhudumiwa, kuzaa, dawa na chanjo. Maziwa yakipungua lita mbili bila sababu, daftari litakuonyesha siku moja kabla ya ugonjwa kuonekana kwa macho.

Ubaoni andika namba ya daktari, ya daktari wa pili, na ya mhamilishaji. Kisha mpe anayebaki nyumbani ruhusa ya kuwaita bila kukuuliza. Ng'ombe wengi hufa huku kijana wa banda akimtafuta mwenye ng'ombe aliye mkutanini mjini na simu imezimwa. Andika ni mambo gani anaamua peke yake: gesi, kuzaa kulikokwama, kuanguka, joto. Mwachie kwenye M-Pesa pesa za dharura zinazotosha ziara moja ya daktari na chupa ya kalisi, na uzirudishe wiki ile ile zikitumika.